Kulwa na Doto Wafike Wote Wawili: Yapasayo Kujulikana kuhusu Uzazi wa Mapacha

Safu ya Elimu ya Afya kwa Wakazi wa Kata
Na Ofisa Mawasiliano wa Halmashauri

Mapacha wanapozaliwa habari huenea kitongoji kizima kabla ya jua kuzama, na nyumba hupokea wageni kwa vigelegele. Katika Unyamwezi na Usukuma, desturi imekwisha kuwaandalia majina hata kabla wazazi hawajaketi kuyachagua: atanguliaye ni Kulwa, afuataye ni Doto. Majina hayo leo yamevuka mipaka ya maeneo hayo na kuenea nchi nzima. Katika somo hili tutayatumia kumtaja pacha wa kwanza na pacha wa pili, awe wa kike au wa kiume.

Lengo la somo ni moja: kila familia katika kata yetu ielewe kwamba hatari inayowakabili mapacha wakati wa kuzaliwa inajulikana, ina majira yake, na hupungua sana pale ujio wa watoto wawili unapofahamika mapema na mahali pa kujifungulia panapoamuliwa kabla uchungu haujaanza.

HESABU ISIYOSEMWA SANA

Katika bara la Afrika, kati ya kila uzazi 1,000, takriban 17 ni wa mapacha. Kiwango hicho kinazidi wastani wa dunia, ambao ni takriban 12. Kwa hesabu rahisi, eneo lenye uzazi 300 kwa mwaka laweza kutarajia jozi tano za mapacha. Kwa hiyo, kila zahanati, kila balozi na kila mhudumu wa afya ngazi ya jamii atakutana nao.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la kitabibu liitwalo The Lancet Global Health, ukitumia takwimu za nchi 30 za Afrika kusini mwa Sahara, ulionyesha kwamba pacha mmoja kati ya watano alikuwa akifariki kabla ya kutimiza umri wa miaka mitano. Kiwango hicho ni takriban mara tatu ya kile cha watoto waliozaliwa peke yao. Aidha, utafiti huo ulilinganisha kipindi cha mwaka 1995 hadi 2001 na kile cha mwaka 2009 hadi 2014. Vifo vya watoto waliozaliwa peke yao vilipungua kwa nusu. Vya mapacha vilipungua kwa asilimia 35 tu. Maendeleo ya huduma za afya yamewafikia mapacha, lakini yamewafikia kwa kuchelewa.

Sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokea katika siku za mwanzo kabisa. Wataalamu hukiita kipindi cha kuanzia wiki ya 28 ya ujauzito hadi siku ya saba baada ya kuzaliwa kuwa ni kipindi cha kuuzunguka uzazi. Ni wiki chache tu, lakini ndizo zinazoamua mengi. Ndizo somo hili linazozihusu.

MAPACHA HUTOKEAJE?

Wapo wanaoamini kwamba mwanamke akila ndizi mbili zilizoungana atazaa mapacha. Imani hiyo haina ushahidi. Mapacha ni wa aina mbili. Aina ya kwanza hutokea pale mayai mawili ya mama yanaporutubishwa kwa wakati mmoja. Watoto hao hufanana kama ndugu wa kawaida, na waweza kuwa wa jinsia moja au tofauti. Uwezekano wa kuwapata huongezeka kadiri umri wa mama unavyosogea kwenye miaka ya thelathini, kadiri anavyokuwa amezaa mara nyingi, na iwapo katika ukoo wake upande wa kikeni wamewahi kuzaliwa mapacha.

Aina ya pili hutokea pale yai moja lililokwisha kurutubishwa linapogawanyika. Hawa ndio wanaofanana kwa sura hata walimu wao wakawachanganya. Uzazi wa namna hii hutokea takriban mara nne katika kila uzazi 1,000 duniani kote, wala haufuati ukoo.

Tofauti hii ina maana kubwa kitabibu. Mapacha wa mayai mawili huwa kila mmoja na kondo lake la nyuma. Mapacha wa yai moja mara nyingi hushiriki kondo moja, na katika sehemu ya mimba hizo, takriban 10 hadi 15 katika kila 100, damu huweza kuhama isivyo sawa kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwenzake. Mmoja hudhoofika kwa kukosa, mwingine huelemewa kwa kuzidiwa. Mama hawezi kuyaona hayo kwa macho wala kuyatambua kwa kupapasa tumbo. Kipimo cha utrasaundi ndicho kinachoweza kuonyesha kama kondo ni moja au ni mawili, na hufanya hivyo kwa uhakika zaidi katika miezi ya mwanzo ya ujauzito.

KWA NINI SAFARI YA WAWILI NI NZITO?

Sababu ya kwanza ni kuzaliwa kabla ya wakati. Mimba ya mtoto mmoja hutimia kati ya wiki ya 37 na ya 42. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki ya 37, kwa kuwa mfuko wa uzazi hutanuka mapema kuliko kawaida. Mtoto njiti huzaliwa mapafu yake yakiwa bado hayajakomaa, ngozi yake ikiwa nyembamba isiyohifadhi joto, na nguvu yake ya kunyonya ikiwa ndogo.

Sababu ya pili ni uzito pungufu. Mtoto aliyezaliwa na chini ya kilo 2.5 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu, na mapacha wengi wamo katika kundi hilo. Mara nyingine wanaachana kwa uzito, na aliye mdogo zaidi ndiye anayehitaji macho zaidi.

Sababu ya tatu inamhusu mama mwenyewe. Mwenye mimba ya mapacha yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupungukiwa damu, kupata shinikizo la damu linaloweza kuishia katika kifafa cha mimba, na kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, kwa kuwa mfuko wa uzazi uliotanuka sana huchelewa kukaza. Mama akipata shida, watoto wote wawili hupata shida pamoja naye.

Sababu ya nne ni ya Doto peke yake. Baada ya Kulwa kutoka, nafasi ndani ya tumbo hubadilika ghafla. Doto aweza kugeuka akalala kingamo. Kitovu chake chaweza kutangulia kabla yake na kubanwa. Kondo laweza kuanza kubanduka kabla yeye hajatoka. Ndiyo maana mara nyingi Kulwa huzaliwa salama mbele ya mkunga mwenye mikono miwili tu, lakini dakika zinazofuata zikahitaji mikono mingine.

KUJUA MAPEMA

Tuchukue mfano ili hoja ieleweke. Mama aliyehudhuria kliniki mara moja tu anafika kujifungua. Mtoto anazaliwa, analia, na furaha inatanda. Utaratibu wa kawaida ni kumchoma mama sindano ya kukaza mfuko wa uzazi ili damu isitoke kwa wingi. Lakini ikiwa ndani yumo Doto ambaye hakuna aliyejua habari zake, sindano hiyo humbana akiwa bado tumboni. Kwa sababu hiyo mkunga hufundishwa kupapasa tumbo kwanza na kuthibitisha kwamba hamna mtoto mwingine. Kwa mapacha wanaojulikana, sindano hiyo husubiri hadi Doto atoke. Vivyo hivyo, kitovu cha Kulwa hufungwa kwa uthabiti, kwa kuwa endapo kondo ni moja, Doto aweza kupoteza damu kupitia kitovu cha mwenzake.

Hizo ni hatua mbili ndogo zisizohitaji mashine wala fedha. Zinahitaji kujua tu.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba mjamzito akutane na wataalamu wa afya angalau mara nane, na apimwe kwa utrasaundi mara moja kabla ya kutimiza wiki ya 24. Kwa hiyo, mjamzito aanze kliniki ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Zahanati ya kijiji ndipo pa kuanzia. Endapo haina kipimo hicho, mtoa huduma ataeleza mahali kinapopatikana.

Zipo dalili zinazopaswa kumfanya mama aombe kupimwa bila kusubiri: tumbo kuwa kubwa kuliko miezi ya ujauzito, kichefuchefu na kutapika kuliko kawaida, kuhisi mtoto akicheza pande mbalimbali kwa wakati mmoja, na kuwapo kwa mapacha katika ukoo wa mama. Dalili hizi si uthibitisho, ila zinatosha kuwa sababu ya kuuliza.

Ikithibitika kwamba ni mapacha, mahudhurio ya kliniki huongezwa kwa ushauri wa mtaalamu. Vidonge vya kuongeza damu humezwa kila siku bila kukatiza. Shinikizo la damu hupimwa kila hudhurio. Chakula cha kila siku kiongezwe, na kiwe na mboga za majani, maharage, dagaa, mayai na matunda kadiri familia inavyoweza. Kazi nzito, hususan kubeba maji na kuni, zigawanywe kwa wengine mapema.

WAPI PA KUJIFUNGULIA?

Hapa ndipo familia nyingi hupata mtihani. Zahanati iko karibu, mkunga wake anafahamika, na watoto wengine wa mama huyo walizaliwa hapo salama. Hospitali iko mbali, nauli inauma, na msimu wa shamba hausubiri. Ni kweli kwamba wananchi wameitikia wito wa kujifungulia katika vituo vya huduma. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 81 ya uzazi nchini ulifanyika katika vituo hivyo. Lakini kwa mapacha, swali halikomei katika kufika kituoni. Linahusu kituo chenye uwezo gani.

Mapacha wazaliwe mahali penye uwezo wa kufanya upasuaji wa dharura, kuongeza damu, na kumhudumia mtoto njiti. Kwa kawaida mahali hapo ni hospitali, au kituo cha afya kilichoimarishwa kwa huduma hizo. Zahanati ina kazi kubwa ya kuwatambua na kuwafuatilia, kisha kuwapeleka kwa wakati.

Baadhi ya wananchi huogopa kwenda hospitali wakiamini kwamba mapacha ni lazima wazaliwe kwa kisu. Sivyo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013, uliohusisha wajawazito wapatao 2,800 katika nchi 25, ulilinganisha mapacha waliopangiwa upasuaji na waliopangiwa kuzaliwa kwa njia ya kawaida, pale ambapo Kulwa alikuwa ametanguliza kichwa. Haukuona nafuu yoyote kwa watoto waliopangiwa upasuaji. Upasuaji huhitajika kwa sababu maalumu, mathalani Kulwa akitanguliza matako au akilala kingamo. Faida ya hospitali ni kwamba upasuaji upo tayari iwapo Doto atauhitaji.

Ikumbukwe pia kwamba mapacha hawasubiri mwezi wa tisa utimie. Ni busara mama awe amesogea karibu na hospitali kabla ya wiki ya 36, au mapema zaidi akishauriwa hivyo. Aweza kukaa kwa ndugu aliye karibu na hospitali, au katika nyumba ya wajawazito ya kusubiria kujifungua pale ilipo. Mtoa huduma wa kliniki aulizwe habari zake.

Kukaa mbali na nyumbani kwa wiki kadhaa ni gharama ya kweli, na Halmashauri hailichukulii jambo hilo kuwa jepesi. Kwa mujibu wa Sera ya Afya ya mwaka 2007, huduma za wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Nauli, chakula na malezi ya watoto wanaobaki nyumbani ni juu ya familia. Kwa hiyo akiba ianze siku mapacha wanapojulikana. Familia ikiweka shilingi 2,000 kila wiki kuanzia wiki ya 20, itakapofika wiki ya 35 itakuwa na shilingi 30,000 mkononi. Vikundi vya kuweka na kukopa vyaweza kulitambua jambo hili kuwa dharura inayostahili mkopo wa haraka.

Uchungu ukianza ghafla, chupa ikipasuka, au damu ikitoka, pigeni simu namba 115 bila malipo. Hiyo ni namba ya mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022 kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mhudumu wa kituo cha simu huuliza hali ya mgonjwa na mahali alipo, kisha hutuma gari la wagonjwa, au dereva wa jamii aliyesajiliwa iwapo gari hilo haliko karibu. Dereva huyo hulipwa na mfumo. Taja mapema kwamba mimba ni ya mapacha.

Mama akielekea kujifungua kati ya wiki ya 24 na ya 34, kuwahi hospitali kuna faida nyingine. Zipo sindano za kuharakisha kukomaa kwa mapafu ya watoto ambazo mtaalamu huweza kumpa mama kabla hajajifungua. Sindano hizo zina manufaa zikitolewa kabla ya uzazi, na anayechelewa hukosa nafasi hiyo. Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu zisitumiwe kabisa, kwa kuwa zaweza kulibana tumbo kwa nguvu isiyopimika, kuwanyima watoto hewa na hata kupasua mfuko wa uzazi.

DAKIKA YA KWANZA NA SAA YA KWANZA

Mtoto asiyelia baada ya kuzaliwa huhitaji kusaidiwa kupumua ndani ya dakika moja. Kwanza hukaushwa na kusisimuliwa mgongoni. Asipoitikia, hupewa hewa kwa kifaa cha mkono. Tanzania ina ushahidi wake katika jambo hili. Mpango wa kuwafundisha wakunga stadi hizo ulipofanyiwa tathmini katika hospitali nane nchini, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47.

Kwa mapacha, kila kifaa huhitajika viwili: vifaa viwili vya hewa, vitambaa viwili vikavu, vibanio vya vitovu vya kutosha wawili, na mtu wa kumshika kila mtoto. Familia nayo iandae khanga na nguo za watoto wawili, kofia mbili na soksi jozi mbili. Kulwa akishapokewa, macho yote yasiondoke kwa mama kwenda kumshangilia. Doto yu njiani.

JOTO, MAZIWA NA USAFI

Mtoto mdogo hupoteza joto upesi, hata katika maeneo yetu ya jua kali. Dawa yake kuu ni kifua cha mzazi. Huduma ya kangaruu ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, pale daktari Edgar Rey Sanabria na wenzake walipokabiliwa na uhaba wa mashine za kuwatunzia njiti. Mtoto huwekwa kifuani akiwa amevaa nepi, kofia na soksi tu, ngozi yake ikigusana na ya mzazi, kisha hufungwa kwa kitambaa.

Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2021, ulihusu vichanga wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Walioanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, badala ya kusubiri hali zao zitulie, walifariki kwa kiwango kilichopungua kwa robo. Shirika hilo sasa linashauri mtoto akae kifuani saa 8 hadi 24 kwa siku.

Mama mmoja aweza kuwabeba wote wawili kwa pamoja, lakini asiachiwe peke yake. Baba ana kifua. Bibi ana kifua. Baba kumbeba Doto wakati mama akimnyonyesha Kulwa ni tiba kamili, na wala halimpunguzii mwanamume heshima yake.

Kuhusu maziwa, wengi hudhani mama hawezi kuwatosheleza watoto wawili. Titi hutoa maziwa kadiri linavyonyonywa au kukamuliwa, na akina mama wengi hunyonyesha mapacha kwa miezi sita bila kuongeza kitu kingine. Dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, yasimwagwe, kwani yana kinga. Mtoto asiyeweza kunyonya hupewa maziwa yaliyokamuliwa kwa kikombe, au kwa mrija akiwa hospitalini. Kila mtoto anyonye angalau mara nane kwa siku, mchana na usiku. Aliye mdogo mara nyingi ndiye mtulivu zaidi, na utulivu huo usichukuliwe kuwa shibe. Aamshwe anyonye.

Watoto wasiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Kitovu kiachwe kikavu, kisipakwe kinyesi cha mifugo, majivu wala mafuta. Kipakwe tu kile kilichoelekezwa na mtoa huduma. Kila anayewashika anawe mikono kwa sabuni kwanza, na wageni wenye mafua wasubiri nje.

DALILI ZA HATARI

Mpeleke mtoto kituoni mara moja, au piga 115, ukiona mojawapo ya haya: kukataa kunyonya, kupumua kwa haraka au kwa kuvuta mbavu, mwili kuwa wa baridi au wa moto, degedege, kulegea au kutoamka, manjano viganjani na kwenye nyayo, au manjano yaliyotokea siku ya kwanza, kitovu kutoa usaha au damu. Kwa mama: damu nyingi, homa, maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, au kupumua kwa shida.

Pacha mmoja akiugua, wapelekwe wote wawili. Wamelala kitanda kimoja na kunyonya mama mmoja, hivyo kinachompata mmoja huenda kiko njiani kumfikia mwenzake.

Hata kama hali ni njema, mama na watoto wakae kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua, kisha warudi kukaguliwa siku ya 2 hadi 3, siku ya 7 hadi 14, na wiki ya 6.

HAKI NA WAJIBU

Kila pacha ni mtu kamili mbele ya sheria. Kila mmoja apewe kadi yake ya kliniki, chanjo zake na cheti chake cha kuzaliwa. Mama aliyeajiriwa ana haki ya likizo ya uzazi ya siku 100 kwa malipo anapojifungua mtoto zaidi ya mmoja, badala ya siku 84, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mama wa mapacha hulala kwa vipande vya usingizi. Jirani anayemletea ndoo ya maji, anayemfulia nguo au kumpikia uji amefanya kazi ya afya. Mama akionekana kuwa na huzuni isiyokwisha, kulia mara kwa mara au kuwakataa watoto, apelekwe kituoni bila kulaumiwa. Hali hiyo hutibika.

PACHA MMOJA AKIFARIKI

Pamoja na jitihada zote, lipo tukio ambalo jamii hulipokea vibaya bila kukusudia. Mmoja anapofariki, wafariji humwambia mama: «Shukuru, umebakiwa na mmoja.» Maneno hayo hutoka katika nia njema, lakini humnyima mama ruhusa ya kumlilia mtoto wake. Aliyefariki alikuwa na jina, na mama alimbeba kama alivyombeba mwenzake. Aachwe ahuzunike, na asifichwe mtoto wake akiomba kumwona. Wakati huohuo, aliyebaki aendelee kubebwa kifuani, kunyonyeshwa na kupelekwa kliniki bila kukosa, kwa kuwa msiba wa mwenzake haumwondolei udhaifu wake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO WA KITONGOJI

1. Katika kitongoji chetu, nani ana mimba ambayo haijapimwa kwa utrasaundi, na kinachomzuia ni nini?
2. Uchungu ukianza usiku wa manane wakati wa mvua, njia ipi hupitika, na nani atapiga namba 115?
3. Mama akisogea karibu na hospitali kwa wiki tatu, nani atawalea watoto waliobaki?
4. Je, wanaume wa kitongoji chetu wako tayari kubeba watoto kwa kangaruu?
5. Kwa nini Doto anahitaji uangalizi wa pekee baada ya Kulwa kuzaliwa?

Tunawaomba wenyeviti wa vijiji na vitongoji, viongozi wa dini, wakunga wa jadi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii walisome somo hili mbele ya wananchi wasioweza kulisoma wenyewe. Mkunga wa jadi anayemsindikiza mama hospitalini anastahili heshima sawa na ile aliyopewa zamani kwa kuzalisha. Aliye na swali amwone mtoa huduma wa zahanati iliyo karibu naye. Kadi ya kliniki iliyoandikwa neno «mapacha» mapema yaweza kuwa ndiyo sababu ya majina yote mawili, Kulwa na Doto, kuitwa siku moja katika daftari la darasa la kwanza.